Nukta ya Kijani Kwenye Tumbo la Tawi

Mjomba wangu alipoteza mbinja kabla hajapoteza sauti nyingine yoyote. Redio aliisikia, ng'ombe wa jirani aliwasikia, na mkewe akimnong'oneza karibu na sikio alimsikia vizuri kuliko alivyotaka. Lakini mbinja, ile sauti nyembamba inayopanda kutoka chini ya mti mpaka kwa mtu aliye juu, ilimtoka masikioni kidogo kidogo. Yeye mwenyewe hakujua, na sisi hatukujua, mpaka siku mzinga ulipoanguka.

Sisi ni kikundi cha wafuga nyuki. Mizinga yetu tunaitundika katika pori la miombo, magharibi ya Itigi, na mingi bado ni ya magogo, mizito, inayopanda juu kwa kamba. Anayepanda mti kwenda kuitundika amekumbatia shina, uso umebanwa kwenye gome. Haoni kama tawi lina ufa mbele, haoni kama mchwa wamelipanda kwa upande wa chini. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa chini anayemtazamia. Huyo hasemi neno. Wazee wetu hawataki maneno chini ya mti wenye kazi. Wanasema nyuki wa mizinga ya jirani hukasirishwa na mtu anayeropoka. Mimi naongeza kwamba maneno yakipanda, upepo huyavunja njiani. Basi tunapiga mbinja. Moja ndefu, tawi ni zuri, funga. Fupi mfululizo, liache.

Mtu wa chini nilikuwa mimi. Ninaogopa kupanda hata ngazi ya kuezekea banda, na jambo hili silifichi. Lakini macho yangu hayachoki kutafuta kasoro. Ndiyo kazi ninayoiweza.

Siku ile niliuona ufa. Nikapiga mbinja fupi, nikarudia, nikarudia mpaka midomo ikakauka na mate yakagoma. Mjomba akaendelea kufunga kamba kwa utulivu kabisa, kama mtu aliye peke yake duniani. Alipoachia uzito, tawi likakatika kwa mlio mkubwa, na mzinga ukaja chini ukapasuka mbele ya miguu ya mwenyekiti wetu. Mjomba alibaki amelikumbatia shina. Aliposhuka alitazama mzinga, akatazama midomo yangu iliyopauka, akaelewa.

"Ulipiga?" aliniuliza.

"Nilipiga, mjomba."

"Sana?"

"Sana."

Mwenyekiti, ambaye ni mdogo kwake kwa umri na hivyo alilazimika kutafuta maneno, alisema polepole kwamba msimu wa kutundika kabla ya mvua, kamba atapewa kijana mwingine. Mzee atabaki chini ashike moshi. Alisema ni kwa usalama wake. Alikuwa sahihi, na ndiyo maana iliuma.

Nyumbani kwa mjomba ndiko nilikokulia. Nilimwona baada ya siku ile akikaa uani tangu asubuhi, akinoa shoka ambalo tayari lilikuwa kali. Mkewe alipita na ndoo, akamwambia, "Baba, hilo shoka litaisha, utabaki na mpini." Mjomba akajibu kwamba yeye hajui kukaa chini. Alisema hivyo kama mtu anayetaja ugonjwa wake kwa daktari.

Mimi ni fundi simu. Nina kibanda Manyoni mjini, na sikufundishwa na mtu. Nilifungua redio mbovu ya nyumbani, nikashindwa kuirudisha, nikalia, nikairudisha. Mengine nilijifunza kwa video za kwenye simu, nikizirudia sehemu moja mpaka bando linakwisha. Sisifu tabia yangu. Simu nikishaitengeneza naifungua tena kuhakikisha, na mteja akishaondoka nabaki nikiwaza skrubu. Kufuli la kibanda nalivuta, naondoka, narudi kulivuta tena. Majirani wameshazoea, wananiambia, "Limefunga, dada, nenda nyumbani."

Wazo la leza lilinijia kwa mteja. Aliniletea kishikizo cha funguo chenye kitaa chekundu cha leza, kile cha kuchezea paka, akataka nikitengeneze kwa ajili ya mwanawe. Nilipokiwasha, nukta nyekundu ikatua ukutani, mbali, mahali ambapo mkono wangu usingefika. Nikatulia. Mjomba hasikii mbinja, lakini anaona. Ana macho ya kumtambua nyuki anayeingia kwenye tundu la mti mrefu. Kumbe nilikuwa nafikiria masikio yake muda wote, na sikuwa nimefikiria macho.

Nikatoka nje na kile kitaa. Jua lilikuwa limeshapanda. Nikakilenga kwenye nguzo ya umeme iliyokuwa karibu, na sikuona chochote. Nikasogea. Sikuona. Nikagusisha kabisa nguzoni ndipo nukta ikaonekana, hafifu kama doa la soda. Furaha yangu ilidumu muda wa kuvuka barabara.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Nilisoma kila nilichokipata. Nikajifunza kwamba jicho la binadamu huona kijani kwa urahisi kuliko nyekundu, hata kama nguvu ya mwanga ni ileile. Nikajifunza pia kwamba leza kali huunguza jicho kabla mtu hajapepesa, na kwamba kipofu wa leza haponi. Nilikuwa nataka kumrudishia mjomba mti wake, na chombo chenyewe kingeweza kumnyang'anya macho, kitu pekee alichobaki nacho cha kutegemea akiwa juu.

Nilikwenda Singida mjini kwenye duka la vifaa vya umeme, la mzee mmoja mfanyabiashara ambaye familia yake iko pale tangu zamani. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwambia nataka leza ya kijani ya kutumia nje, mchana.

"Ya kufundishia?"

"Ya porini, mzee."

"Porini unamfundisha nani, mwanangu? Fisi?"

Nikamweleza habari ya mti na mbinja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainama chini ya kaunta akaibuka na leza nene kama kurunzi ya mlinzi. Akasema hiyo inawasha kiberiti. Akataka kunionyesha. Nilikubali, nakiri, kwa sababu moyo wangu ulikuwa umeshaanza kuipenda. Kichwa cha njiti kilifuka moshi, kikawaka. Nikaitazama ile njiti ikiungua na nikamwona mjomba akilini, akigeuza uso kunitazama chini.

"Hapana," nikamwambia. "Nataka dhaifu."

"Dhaifu? Watu wote wanakuja hapa wanataka kali."

"Dhaifu, lakini ya kijani. Mwili wa chuma. Betri ziwe zile nyembamba za rimoti, zinazopatikana hata Itigi. Na isiwe ya kuchaji, kwa sababu porini hakuna pa kuchajia."

Akanitolea kadhaa. Nikaomba nizijaribu nje. Akacheka, akasema wateja wake huzijaribu kwenye dari. Nikatoka nazo hata hivyo, nikazilenga moja moja kwenye shina la mti uliokuwa mbele ya duka lake, naye akatoka kunitazama, kisha akatoka mwenye duka la pili, na mtu wa bodaboda akauliza kama napima ardhi. Nilikuwa natokwa jasho la aibu. Lakini sikuacha. Moja ilikuwa na swichi laini, inabonyea hata mfukoni; nikaikataa, maana ingejiwasha yenyewe na kumaliza betri, au ingewaka wakati mbaya. Nyingine kioo chake cha mbele kilikuwa wazi bila ukingo, vumbi lingekikwaruza. Ya tatu nilifungua mfuniko wa betri, nikakuta springi imechomelewa ovyo. Mzee akasema, "Wewe hata mchumba utamfungua mfuniko." Nikamwambia ndiyo, labda ndiyo maana sina.

Niliyoichagua ilikuwa fupi, nzito kidogo kuliko umbo lake, na swichi yake ilikuwa ngumu, lazima uikusudie. Ilikuwa na maandishi ya onyo kwamba ni ya nguvu ndogo. Juani haikuonekana vizuri. Kivulini ilionekana kama jani changa. Nikainunua bila uhakika, na njia nzima kurudi Manyoni nilikuwa naingiza mkono mfukoni kuishika.

Basi nikaanza kuitesa. Niliidondosha kwenye jiwe la kufulia kutoka kimo cha kichwa changu. Niliizika kwenye vumbi la njia ya ng'ombe. Niliiacha juu ya bati la kibanda mchana kutwa. Jioni ilipepesa kama mtu mwenye homa, ikapona ilipopoa. Asubuhi za Julai, upepo wa Manyoni unapokata masikio, iligoma kung'aa. Nilidhani imekufa. Nilikaa nayo kwapani nikisubiri maji ya chai yachemke, nikaijaribu tena, ikawaka vizuri kabisa. Nikaelewa kwamba inataka joto la kadiri, kama kifaranga. Mwisho nikaivisha ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, niliouzungusha kwa kubana, ukaacha swichi tu na tundu la mbele. Nikaidondosha tena. Ikaruka kama chura, ikawaka.

Jaribio la mjomba lilifanyika kwenye mkwaju ulio nyuma ya nyumba yake. Sikumwambia mapema, niliogopa nikimpa tumaini kisha nimnyang'anye. Alipoiona akaigeuza mkononi, akasema ndogo. Nikamsemea karibu na sikio, maana sasa hata maneno ya kawaida yalikuwa yameanza kumpotea, "Panda kidogo tu, mjomba. Nikikuonyesha tawi, liguse."

Nilikuwa nimetengeneza kigoda cha kuishikilia. Kijiti chenye panda, kimechimbiwa ardhini, leza imefungwa juu yake, haitikisiki. Nilijivunia kigoda kile kuliko nilivyopaswa. Mikono yangu inatetemeka nikiwa na hofu, na mimi nina hofu karibu kila siku, kwa hiyo nilitaka chombo kisichonitegemea. Nikawasha. Nukta ikatua kwenye tawi, imetulia, safi, mahali nilipotaka hasa.

Mjomba akatazama huku na huku. "Umewasha?"

Nikapunga mkono: ndiyo.

"Sioni kitu."

Nikahamisha kigoda. Hakuona. Nikahamisha tena. Mkewe, aliyekuwa anapepeta mtama pembeni, alisema kwa upole kwamba labda kitu kimeharibika. Nikaichomoa leza kwenye kijiti kwa hasira, nikailenga kwa mkono, na mkono ulikuwa unatetemeka kama kawaida yake.

"Hiyo hapo," mjomba akasema.

Nikadhani amebahatisha. Nikaizima, nikalenga tawi jingine, nikaiwasha.

"Hiyo hapo. Inacheza kama mbu."

Nilirudi kwenye kijiti, hakuona. Nikaishika mkononi, akaona. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nukta iliyotulia kwenye gome lenye madoa ni doa jingine tu, lakini inayotembea jicho linaikamata. Nilikuwa nimepoteza siku nyingi nikipigana na mkono wangu, na mkono ndio uliokuwa unafanya kazi. Niling'oa kile kijiti nikakitupa kwenye kuni. Sijawahi kutupa kitu nilichokitengeneza kwa furaha kama ile.

Kulikuwa na tatizo la pili, nalo lilitatuliwa na mkwaju wenyewe. Sehemu ya tawi iliyopigwa na jua haikuonyesha nukta hata niitikise namna gani. Lakini tawi lina mgongo na tumbo. Mgongo uko juani, tumbo liko kivulini tangu asubuhi mpaka jioni, na mtu wa chini anatazama tumbo siku zote. Tatizo ni kwamba mpandaji akishalipita tawi, haoni tumbo lake. Ikabidi mjomba abadilishe mwendo wake wa miaka yote: kila akifika chini ya tawi, asimame, ainue uso, asubiri.

"Yaani nisubiri ruhusa yako," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Nilikuwa nakubeba mgongoni kukupeleka zahanati."

"Ndiyo, mjomba."

Akacheka mpaka akashika shina kwa mikono miwili. Tukakubaliana ishara. Mduara, tawi ni zuri. Kukatakata, liache. Giza, subiri. Na sheria yangu moja ambayo sikuruhusu mjadala: nukta haipiti karibu na kichwa chake. Nikitaka kuihamisha naizima kwanza, nalenga upya upande wa mbali naye, ndipo nawasha. Akigeuza uso kutazama chini, naizima kabla sijafikiri. Tulirudia zoezi hilo mpaka kidole changu kikajua chenyewe.

Mwenyekiti nilimweleza wiki ya kutundika ilipokaribia.

"Binti, unataka kumwongoza mzee kwa tochi ya disko?"

"Mpe mti mmoja, mwenyekiti."

"Na akianguka?"

Nilimwambia kwamba kijana watakayempa kamba naye ataanguka kama hataona tumbo la tawi. Akakuna ndevu. Akasema mti wa kwanza utakuwa wa mzee, na yeye mwenyekiti ndiye atakayesimama kwenye kamba ya kuvutia. Kosa moja, kamba inahamia kwa kijana, na hataki kulisikia tena jambo hilo maisha yake.

Asubuhi ya kutundika nilitapika kabla ya chai. Nasema kwa sababu watu wakisimulia ushindi wao huacha sehemu hiyo. Nilibadilisha betri, kisha nikabadilisha zile mpya kwa mpya nyingine. Leza ilikaa kwapani njia nzima mpaka porini.

Mti ulikuwa myombo mrefu, ulionyooka kisha ukafunguka juu. Mjomba alivua kandambili, akazipanga vizuri kama mtu anayeingia msikitini, akaanza kupanda. Niliwasikia nyuki wa mti wa mbali. Alipofika chini ya tawi la kwanza nene akasimama, akainua uso. Lilikuwa tawi la kupendeza, pana, lenye kutazama jua linapochomoza. Mimi mwenyewe kwa macho ya haraka ningelichagua. Nikalikagua polepole kutoka shinani. Mbele kidogo ya mahali ambapo kamba ingekaa, kulikuwa na mstari mwembamba wa udongo wa mchwa, ukiishia kwenye shimo dogo.

Nikakatakata.

Mjomba alitazama nukta. Hakusogea. Niliujua mgongo wake, ulikuwa unabisha. Nikakatakata tena. Nyuma yangu mtu alinong'ona kwamba tawi lile ni zima, na mwenyekiti akamnyamazisha kwa mkono. Mjomba akachomoa panga kiunoni, akaligeuza, akaligonga tawi kwa mgongo wa panga, huku kiganja chake kingine kimelilalia gome. Hakuhitaji kusikia; tawi tupu ndani hutetemesha kiganja. Aliondoa kiganja haraka, kama aliyeshika chungu cha moto, akalizunguka tawi lile akaendelea kupanda.

Tawi la pili nililikagua mpaka shingo ikauma. Lilikuwa zima. Nikachora mduara, naye akafunga.

Mzinga ulipokuwa nusu ya njia, ukizunguka polepole kwenye kamba, jasho la kiganja changu likaniponza. Leza iliteleza, ikagonga jiwe, ikabingirika kwenye vumbi. Watu waligeuka. Mjomba alikuwa juu, uso kwenye tumbo la tawi, akisubiri nimwonyeshe mahali pa kulaza mzinga. Hakujua kilichotokea, aliona giza, na giza maana yake ilikuwa subiri, basi akasubiri. Nikaiokota, nikapuliza kioo, nikaiwasha kwanza kwenye kiatu changu. Kijani.

Nikaipeleka juu.

Mzinga ulikaa. Mwenyekiti alilegeza kamba kidogo, kisha zaidi, kisha akaiachia kabisa na kurudi nyuma akitazama. Haukuinama upande wowote. Ulining'inia sawasawa kama umeota pale.

Mjomba alishuka bila haraka. Aliniambia kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia, "Mjomba, una macho mabaya. Hukosi ubaya." Kwetu hiyo ni sifa, na kila mtu aliyekuwepo aliisikia.

Yule kijana aliyekuwa apewe kamba alikuwa ameshaibeba begani, akingoja. Mwenyekiti akaichukua pale begani, akaikunja, akaenda nayo mpaka chini ya mti uliofuata, akaiweka. Kisha akamgeukia mjomba akamuuliza anataka mzinga huu utazame upande gani. Mjomba hakumsikia, alikuwa anafuta viganja vyake kwenye suruali. Mwenyekiti akanitazama mimi.

"Muulize," alisema.

Kabla ya upande, tawi. Nikatembea mpaka chini ya ule mti, nikainua leza, nikaanza kulikagua tawi la chini kabisa. Mjomba alikuja akasimama kando yangu, ameinua uso, kamba tayari kiunoni.